Siku ya Lango Kufungwa: Mshahara na Likizo ya Mfanyakazi Asiyeweza Kufanyia Kazi Nyumbani

Hotuba kwa wawakilishi wa wafanyakazi wa hoteli na maofisa wa utumishi, Mombasa

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa matawi, wawakilishi wa wafanyakazi mliotoka Diani, Likoni, Nyali, Shanzu, Watamu na Malindi, pamoja nanyi maofisa wa utumishi mlioitikia mwaliko wa kukaa meza moja na chama cha wafanyakazi: nawasalimu kwa heshima, na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie mizozo ya mshahara na likizo inayozuka pale ambapo mfanyakazi hawezi kufika kazini, na kazi yake nayo haiwezi kufanywa akiwa nyumbani. Ninalotaka kusema ni moja. Siku ambayo kazi imefungwa kwa amri ya serikali, kwa mafuriko au kwa uamuzi wa mwajiri si siku ya likizo ya mfanyakazi, wala si siku ya utoro. Ni siku ya aina ya tatu, ambayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikuitengea kifungu chake, na kwa kuwa haina kifungu, pengo lake limekuwa likizibwa kwa mali ya mfanyakazi, mara kwa siku zake za mapumziko, mara kwa mshahara wake. Mimi nasema zoea hilo halina msingi katika sheria tuliyo nayo, na kwamba sisi tuliomo humu ukumbini tunaweza kulikomesha kwa maandishi ya mikataba yetu bila kungoja Bunge.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2020, na hamhitaji kusimuliwa. Hata hivyo nitaupitia mpangilio wa matukio, kwa sababu mizozo mingi niliyoshughulikia ilizaliwa katika tarehe zile. Tarehe 13 Machi serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta alifunga shule na kuwahimiza waajiri wa serikali na wa sekta binafsi wawaruhusu watu wao wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa walio katika huduma za lazima. Siku 10 baadaye ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Tarehe 27 Machi marufuku ya kutoka nje usiku ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kuanzia tarehe 8 Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi.

Tazameni maneno yale, "wafanyie kazi nyumbani", yalivyomfikia kila mtu. Mhasibu wa hoteli alifunga kompyuta yake, akaibeba, na mwezi ulipoisha akalipwa mshahara wake wote. Mpishi hakuweza kubeba jiko la hoteli. Dobi hakuweza kwenda na mashine Kisauni, mhudumu wa vyumbani hakuweza kutandika vitanda vya wageni akiwa Ukunda, na mlinzi wa langoni hawezi kulinda lango asilolisimamia. Ushauri uliotolewa kwa nia ya kuokoa maisha uligawa wafanyakazi wa mwajiri mmoja mafungu mawili, na mgawanyo huo haukufuata bidii ya mtu wala miaka yake ya utumishi. Ulifuata tu aina ya chombo anachokishika mkononi.

Kisha kulikuwa na jiografia. Aliyelala Mtwapa na kuajiriwa Nyali alikuwa na kitanda katika kaunti moja na kazi katika kaunti nyingine, na kati yake na kazi palikuwa na kizuizi cha polisi. Mwezi wa Mei, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka katika Mji wa Kale hapa Mombasa, kama ilivyofanya Eastleigh kule Nairobi, na zuio hilo lilidumu takriban mwezi mzima. Mkazi wa Mji wa Kale aliyekuwa na kazi ng'ambo ya daraja hakuwa mgonjwa, hakuwa mtoro, hakuwa ameomba ruhusa, wala hakuwa amefukuzwa. Alikuwa ametii amri. Sijapata kusikia hoja inayoniridhisha kwamba mtu huyo ndiye aliyepaswa kuubeba peke yake mzigo wa amri iliyotolewa kwa manufaa ya nchi nzima.

Na nisiupite usiku ule wa kwanza wa marufuku, pale kivuko cha Likoni. Watu waliokuwa wametoka kazini, wakijipanga wavuke kabla ya saa moja, walipigwa kwa virungu na kutupiwa vitoa machozi, na siku chache baadaye Rais aliomba radhi kwa ukatili uliotendwa. Waliopigwa walikuwa wametoka kazini kwa sababu kazi yao haikuwezekana nyumbani. Asubuhi yake baadhi yao walisita kurudi, na katika daftari la mahudhurio likaandikwa neno moja tu, "hakufika".

Baada ya hapo zikaja barua. Ile niliyokabidhiwa na mwanachama mmoja, mhudumu wa vyumbani katika hoteli nisiyoitaja, ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulieleza kwamba biashara imeshuka kutokana na janga. Wa pili ulimtaka aanze likizo yake ya mwaka mara moja, "ikiwa ni pamoja na siku ambazo hazijapatikana". Wa tatu ulisema kwamba siku hizo zikiisha ataendelea na likizo bila malipo hadi atakapoarifiwa. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya meneja, imejazwa, na nafasi ya sahihi ya mfanyakazi, iko tupu. Nyuma yake ilikuwa imebanwa fomu ya likizo, ile ambayo mfanyakazi mwenyewe huijaza anapoomba, na ilikuwa imekwisha kujazwa kwa mwandiko wa ofisi: jina lake, namba yake ya kazi, tarehe ya kuanza, na katika sehemu ya sababu ya kuomba likizo pameandikwa "binafsi". Nawaomba mtafakari neno hilo. Janga la dunia nzima, ndege zimekaa chini, fukwe hazina mtu, kisha hati inasema mama huyu ameomba kupumzika kwa sababu zake binafsi. Mzozo ulipofika kwa afisa wa leba, fomu ile ndiyo iliyotolewa mbele yake kama ushahidi wa ridhaa.

Sasa tuitazame sheria yenyewe, kwa maana haiko kimya kama wengi wanavyodhani. Kifungu cha 28 kinampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 ya utumishi mfululizo. Kifungu hicho hicho kinasema mwajiri anaweza kuigawa likizo hiyo katika sehemu, lakini kwa ridhaa ya mfanyakazi, na isipokuwa kama wamekubaliana vingine, sehemu mojawapo lazima iwe angalau wiki mbili za kazi zisizokatizwa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba likizo ya mwaka ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa, imepatikana kwa jasho la mwaka uliopita, na sheria inataka iwe mapumziko ya kweli, yenye urefu wa kutosha kumrudishia mtu nguvu. Mwajiri ana sauti katika kupanga tarehe, hilo sikatai. Hoteli haiwezi kuwaachia wapishi wote mwezi wa Desemba. Kupanga tarehe ya likizo iliyokwisha kupatikana ni jambo moja, na kukopa siku za mwaka ujao ambazo mtu bado hajazifanyia kazi, ili kufunika siku ambazo lango limefungwa, ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili, nimeisoma Sheria ya Ajira nzima nikitafuta linaporuhusiwa, na sikupaona.

Likizo bila malipo nayo haimo katika orodha ya likizo ambazo sheria imezianzisha. Imo likizo ya mwaka, imo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, imo ya ugonjwa. Likizo bila malipo ni makubaliano ya watu wawili, na makubaliano ya watu wawili hayawezi kutangazwa na mmoja wao kwenye ubao wa matangazo karibu na jiko. Kifungu cha 10 kinasema waziwazi kwamba masharti ya mkataba yakibadilika, mwajiri atayarekebisha kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha mabadiliko hayo kwa maandishi. Kushauriana kunatangulia, kujulisha kunafuata. Katika barua nyingi zilizopita mikononi mwangu, hatua ya kwanza ilirukwa.

Najua jibu la upande wa pili, na kwa kuwa maofisa wa utumishi wako nasi leo, nitalieleza kwa nguvu zake zote. Wanasema kifungu cha 17 kinamtaka mwajiri alipe mshahara wa kazi iliyofanywa. Kazi haikufanywa, basi mshahara gani unadaiwa? Wanaongeza kwamba hoteli isiyo na mgeni haina mapato, kwamba ndege za kutoka nje hazikurudi hadi tarehe 1 Agosti 2020, na kwamba kumlipa mtu miezi minne asiyefanya kazi ni kuiua hoteli na kuwapoteza wote. Hoja hii ina uzito. Sijawahi kumwambia mwanachama kwamba mwajiri wake ana kisima cha pesa kisichokauka.

Hata hivyo hoja hiyo inachanganya hali mbili, na mizozo yetu mingi inatokana na mchanganyiko huo. Kuna siku ambayo mfanyakazi yuko tayari, ameoga, amevaa sare, amefika langoni, na mwajiri ndiye asiyekuwa na kazi ya kumpa. Mtu aliyeajiriwa kwa mwezi ameuza utayari wake wa mwezi mzima. Akiwa tayari na hakupewa kazi, hasara hiyo ni ya biashara, kama vile faida ya msimu wa Desemba inavyokuwa ya biashara. Hakuna mhudumu aliyepewa hisa ya faida hoteli ilipojaa hadi watalii wakalala kwenye makochi ya mapokezi, kwa hiyo si haki aitwe mbia siku ya hasara. Na mwajiri akiona hasara imemzidi, sheria imempa njia ya halali iliyo wazi, nayo ni kifungu cha 40: atoe ilani ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa leba, aeleze sababu na ukubwa wa upunguzaji, achague watakaopunguzwa kwa vigezo vya haki, alipe likizo waliyoipata kwa fedha taslimu, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Njia hiyo ni chungu na ina gharama. Likizo bila malipo isiyo na mwisho imependwa kwa sababu inamwachisha mtu kazi bila kulipa gharama hiyo: haitwi amepunguzwa, kwa hiyo hana kiinua mgongo, haitwi yuko kazini, kwa hiyo hana mshahara. Ananing'inia.

Hali ya pili ni ngumu zaidi, na hapa nataka tuwe waangalifu tusiahidi wanachama kile ambacho sheria haijatamka. Ni pale ambapo lango liko wazi, kazi ipo, lakini mfanyakazi amezuiwa njiani. Mnayakumbuka mafuriko ya masika ya mwaka 2024, barabara zilipokatika na serikali ikaahirisha kufunguliwa kwa shule. Ndugu zetu wa Nairobi waliyaona haya tena tarehe 7 Julai 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, polisi walipoziba barabara kuu za kuingilia katikati ya jiji na watu waliokuwa wakienda kazini wakarudishwa vizuizini. Je, siku hiyo ni ya nani?

Kuhusu kufukuzwa na kuadhibiwa, sheria ina jibu. Kifungu cha 44 kinahesabu kuwa kosa kubwa kutokuwepo mahali pa kazi bila ruhusa "au sababu nyingine ya halali". Kifungu cha 19, kinachoruhusu mwajiri kukata mshahara wa siku kwa siku nzima ambayo mfanyakazi hakuwepo, kinatumia sharti lilo hilo: awe hakuwepo bila ruhusa wala sababu halali. Kama amri ya serikali, kizuizi cha polisi au daraja lililosombwa na maji si sababu ya halali, basi sijui ni sababu gani itakayostahili jina hilo. Kwa hiyo makato yanayoandikwa kwenye hati ya mshahara kuwa ni ya "utoro" kwa siku kama hizo yanapingana na maneno ya kifungu chenyewe, na mfanyakazi aliyeandikiwa barua ya onyo ana haki ya kuijibu na kudai iondolewe katika faili yake.

Lakini mwajiri mwerevu hataandika utoro. Atasema sikukati adhabu, ila sikulipi siku ambayo hukufanya kazi. Hapo ndipo sheria inapokuwa nyembamba, na hapo ndipo mkataba wa pamoja, yaani ule kati ya chama na mwajiri, unapopaswa kusema. Katiba, katika ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira ya kazi yanayofaa, na mawakili wetu wataendelea kuitumia mahakamani. Mimi nasema msingoje mahakama ijaze pengo ambalo nyinyi mnaweza kulijaza kwa kalamu.

Kuna jambo ninalolisikitikia kila ninapokumbuka mwaka ule. Serikali ya Uingereza ililipa hadi asilimia 80 ya mshahara wa wafanyakazi waliokaa nyumbani, hadi pauni 2,500 kwa mwezi, na mpango huo uliendelea hadi Septemba 2021. Sisi hatukuwa na mfuko wa namna hiyo. Nafuu kubwa iliyotolewa hapa kwa mwenye mshahara mdogo ilikuwa ya kodi: aliyepata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi aliondolewa kodi ya mapato. Ilikuwa nafuu ya kweli kwa aliyeendelea kulipwa. Kwa mhudumu aliyepelekwa likizo bila malipo, kusamehewa kodi ya mshahara asioupata hakukuongeza hata kibaba cha unga. Mwishoni mwa Machi 2020 Wizara ya Leba, muungano wa vyama vya wafanyakazi COTU na shirikisho la waajiri FKE walitia saini makubaliano ya pamoja kuhusu namna ya kulikabili janga, na moyo wake ulikuwa mazungumzo kati ya waajiri na vyama. Palipokuwa na tawi imara mazungumzo hayo yalifanyika, watu wakakubaliana nusu mshahara kwa miezi iliyotajwa, na wote wakarudi. Pasipokuwa na tawi, ikabandikwa karatasi.

Niseme kidogo kuhusu ridhaa, kwa maana ndiyo inayoamua kesi nyingi. Mfanyakazi akikubali kupunguziwa mshahara, makubaliano hayo yanaweza kuwa halali, na sina ugomvi nayo: watu wazima wanaweza kugawana hasara. Ila kukubali kuna masharti yake. Awe ameelezwa hali ya biashara, awe amepewa muda wa kuuliza chama chake, kiasi kiandikwe, na tarehe ya mwisho iandikwe. Kumwita mtu mmojammoja ofisini, kumsogezea karatasi na kumwambia asiyetia sahihi aache sare yake kaunta, huko si kushauriana. Na kwa mfanyakazi nasema: kunyamaza kwako kunaweza kuhesabiwa kuwa kukubali. Ukikatwa mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu bila kuandika hata mstari mmoja, utakuja kuulizwa ulikuwa wapi. Andika. Barua ya sentensi mbili inatosha: "Nimepokea mshahara pungufu bila ridhaa yangu. Niko tayari kufanya kazi." Weka tarehe, na baki na nakala.

Likizo ya ugonjwa nitaipitia kwa haraka. Kifungu cha 30 kinampa mfanyakazi, baada ya miezi miwili ya utumishi, angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Kipindi cha karantini mwaka ule kilikuwa siku 14. Mtu aliyewekwa karantini kwa sababu alikaa karibu na mgonjwa, naye mwenyewe akatoka salama, aliweza kujikuta haki yake yote ya mwaka imekwisha kabla hajaumwa hata kichwa. Wenzetu wa Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, wana siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Mnaofanya kazi na wenzetu waliotoka Tanga na Dar es Salaam mnaulizwa swali hili mara nyingi: kwa nini siku zetu ni chache hivi? Siku 14 ni kiwango cha chini, na hakuna kinachotuzuia kudai zaidi katika mkataba wa pamoja.

Kuhusu vibarua, nataka maofisa wa utumishi wanisikilize kwa makini. Mwaka 2020 hao ndio waliokuwa wa kwanza kuambiwa wasije kesho. Hawakuandikiwa barua, hawakupewa ilani, kwa maelezo kwamba kibarua hulipwa kwa siku na siku ikiisha deni limeisha. Lakini kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja anahesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi. Mtu aliyeosha vyombo katika jiko lenu tangu Agosti hadi Machi, akitia sahihi daftari la malipo kila jioni, si kibarua tena mbele ya sheria, hata kama daftari linamwita hivyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi wenye mikataba ya kudumu tumeutazama mzigo wa vibarua kwa jicho hilo kwa muda mrefu mno. Tawi linalowaacha nje vibarua linamwachia mwajiri mlango wa nyuma wa kupunguza watu wote.

Hatari kazini ni mlango mwingine ambao hautumiki inavyopaswa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake mara moja kuhusu hali anayoamini kwa sababu za msingi kuwa ni hatari kubwa au ya karibu, na inamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi mahali hapo hadi hatari iondolewe. Jiko lililofurika maji huku nyaya za umeme zikigusa sakafu ni mahali pa namna hiyo. Siku ambayo mfanyakazi amekaa kando akingoja hatari iondolewe haiwezi kwa haki kugeuzwa kuwa siku yake ya likizo, kwa kuwa yeye siye aliyeipanga na hakuwa na uwezo wa kuiondoa.

Sasa nije kwenye pendekezo. Katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja, kila tawi lifike mezani na kifungu cha siku ya kufungwa. Nimekiandika kwa lugha ya kawaida ili kila mjumbe aweze kukitetea. Kiseme kwamba mwajiri akifunga mahali pa kazi, au amri ya serikali ikipafunga, mfanyakazi aliye tayari kufanya kazi atalipwa mshahara wake wote kwa siku kadhaa zitakazotajwa kwa tarakimu. Mimi ningeanzia siku 14. Baada ya hapo pande mbili zitakutana ndani ya siku 7 na kukubaliana kwa maandishi kuhusu sehemu ya mshahara itakayolipwa na hadi lini, na pasipo makubaliano, kifungu cha 40 ndicho kitakachotumika. Kiseme kwamba likizo ya mwaka haitatumika kufunika siku hizo isipokuwa mfanyakazi mwenyewe ameomba kwa mwandiko wake, na kwamba siku ambazo hajazipata hazitakopwa. Kiseme kwamba aliyezuiwa njiani na amri, mafuriko au kizuizi cha polisi atapiga simu kabla ya zamu yake kuanza, na akifanya hivyo hataandikiwa utoro, na atapewa nafasi ya kuifidia siku hiyo ndani ya miezi miwili kabla mshahara wake haujaguswa. Kipengele hicho cha mwisho kinamgawia kila upande sehemu yake, na ndicho ninachokiona waajiri wengi wataweza kukikubali, kwa sababu hoteli ina zamu zinazopungukiwa watu kila msimu wa wageni.

Kwa waajiri waliomo humu, nawaomba msikione kifungu hiki kuwa adui. Mizozo ya mwaka 2020 iliwagharimu mawakili, siku za kukaa mahakamani, na wapishi hodari walioondoka wasirudi. Hoteli iliyojua tangu mwanzo inadaiwa nini ingepanga bajeti yake, na ingekuwa na la kuwaambia watu wake siku ya kwanza.

Mwisho ni suala la muda, na hili mlipeleke kwa kila mwanachama. Madai yanayotokana na mkataba wa ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3, na yale ya dhara linaloendelea ndani ya miezi 12 tangu dhara hilo lilipokoma. Malalamiko ya kufukuzwa isivyo halali yanayopelekwa kwa afisa wa leba yana miezi 3 tu. Wako waliopelekwa likizo bila malipo Aprili 2020, wakangoja simu ya kurudishwa kazini kwa uaminifu wote, na walipokuja kutuona mlango wa mahakama ulikuwa umekwisha kufungwa. Kwa hiyo yeyote aliyekatwa mshahara au siku za likizo kwa ajili ya mafuriko ya mwaka 2024 au kwa ajili ya barabara zilizofungwa mwaka 2025 alete hati zake kwa katibu wa tawi wiki hii: mkataba, hati za mshahara za miezi mitatu kabla na mitatu baada, na fomu ya likizo kama ipo, hasa ikiwa imejazwa kwa mwandiko usio wake.